Konzi za Hadithi

Jumatatu ile wanawake wa banda la karanga walifika mapema kuliko siku zote, kwa sababu Jumamosi Redio alikuwa amewaacha na cherehani inayolia yenyewe ndani ya chumba kilichofungwa.

Hakuna aliyekuwa ameisahau. Mama Pacha aliapa kwamba Jumapili nzima hakukaa kwa raha, kila mlango ulipolia kwa upepo alishika kifua. Shangazi, ambaye alikuwa mkubwa wa wote pale bandani na hakuwa shangazi wa mtu yeyote, alisema yeye hakuogopa kitu, ila tu alilala na taa.

"Leo aanze kabla hatujakaa," alisema Mama Pacha akikaza kitambaa kichwani. "Mtu gani anawaacha wenzake mkono uko kwenye komeo? Huo si ubinadamu."

Kimya akaingia, peke yake. Alipita kandokando ya ukuta kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti chake, na kiti cha pili, cha mama yake, kikabaki wazi.

Jina la Kimya walimpa wao. Tangu aache shule ya msingi katikati alikuwa akikaa kushoto kwa mama yake, anabangua karanga, na zaidi ya salamu hakuna aliyewahi kumsikia. Mama yake ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na kwa niaba ya mtaa mzima. Ndiyo maana wakamwita Redio.

"Mama yuko wapi?" aliuliza Shangazi.

"Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Kimya alitazama mikono yake. "Sauti."

Kwanza walicheka. Mama Pacha alisema huo ugonjwa ungempata mumewe angechinja kuku. Lakini walipoona binti hainui uso, kicheko kikazimika kimoja kimoja, na mikono ikaanza kubangua.

Katika banda lile kila kiti kilikuwa na debe lake, na jioni kila debe lilitakiwa liwe limejaa punje safi mpaka mdomoni. Redio hakuwahi kujaza debe lake peke yake hata siku moja. Alisimulia kwa mdomo na kwa mikono, na mikono inayofungua milango na kubeba maiti haiwezi wakati huohuo kubangua karanga. Kwa hiyo, bila mtu kuamuru, ukazuka utaratibu: hadithi ikifika mahali pazuri, kila mwanamke anachota konzi moja kutoka kwenye debe lake na kuitupa kwenye debe la Redio. Pakiwa pabaya, hatoi mtu. Mgeni aliyetaka kujua hadithi imefika wapi hakuhitaji kusikiliza maneno. Alisikiliza tu karanga zinavyodondoka.

Na sasa debe la Redio lilikuwa tupu.

Hadithi ile, iliyoanza Ijumaa na kukatikia Jumamosi, ilihusu sindano. Mke wa fundi cherehani aliipata kwa mchuuzi mmoja aliyepita tu. Ukishona fundo moja kwenye nguo uliyovaa, mchuuzi alisema, omba unachotaka na utapata, ila sindano hii haina uzi wake, uzi inautoa humohumo ndani ya nyumba. Mke akacheka. Mumewe alikuwa hana kazi, mtu mwenye bega moja lililoshuka kuliko jingine kwa kuinamia cherehani miaka yote, na binti yao aliyeshona vizuri kuliko baba yake alikaa bure pia. Mke akashona fundo la kwanza, akaomba kazi nyingi.

Kesho yake kazi ikaja. Kitambaa cheupe, majora kwa majora. Ugonjwa ulikuwa umeingia mjini na watu wanataka sanda. Cherehani zote mbili zilikimbia mchana kutwa, na nyumba ikashiba. Sanda ya mwisho baba alimshonea binti yake.

Mama akashona fundo la pili. Hakuomba binti afufuke, aliogopa. Aliomba tu asikie tena cherehani ya mwanawe. Na akaisikia, usiku, kutoka kwenye chumba walichokuwa wamekifunga. Akaenda. Akaweka mkono kwenye komeo.

Hapo ndipo Redio alipokohoa, akajipangusa vumbi la maganda mapajani na kusema, kwa sauti iliyokwaruza kama kopo, "Mengine Jumatatu."

*

Jumapili asubuhi Redio alifungua kinywa kuita watoto na hakikutoka kitu.

Zahanati iliwatuma hospitali. Daktari alichungulia kooni kwa taa na kioo, akauliza kazi yake, Kimya akajibu kwa shida, na daktari akatikisa kichwa. Kuna vinundu, alisema. Vumbi na kupaza sauti miaka yote. Asiseme hata neno moja kwa mwezi mzima. Asinong'one wala asiimbe. Akisema, sauti inaweza isirudi kabisa.

"Mwezi mzima?" Kimya aliuliza.

"Mwezi mmoja."

Kimya alilitambua neno hilo. Maana Jumamosi ile ile, kabla ya hadithi, mama yake alikuwa amewasimulia wanawake jinsi seremala wa jirani alivyomsalimia Kimya na Kimya akajificha nyuma ya pipa la maji, seremala akabaki anasalimiana na pipa. Banda lilicheka, na wanaume wa mizani nao wakacheka, na mmoja wao akamwamkia Kimya kwa sauti nzito, "Hujambo, pipa?" Kimya alivumilia mpaka njiani. Kisha kitu kikapasuka ndani yake.

"Laiti ungenyamaza, mama!" alisema. "Hata mwezi mmoja tu! Ningemshukuru Mungu!"

Mama yake alicheka tu. Na sasa daktari amesema mwezi mmoja. Kimya hakumwambia mtu. Alilibeba lile neno kama mtu aliyeficha kaa la moto mfukoni.

*

Msimamizi alikuja kabla jua halijapanda. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kipenga shingoni, na alipenda kusema na watu akiwa amesimama wao wamekaa.

"Kiti hiki?"

"Cha mama," alisema Kimya.

"Mama yuko wapi?"

"Anaumwa. Atarudi mwezi ujao."

"Mwezi!" Aliwageukia wengine ili wacheke naye. Hakuna aliyecheka. "Hapa si nyumbani kwenu, mtu aache kiti atakavyo. Nje pale watu wamejaa wanataka kazi. Shemeji yangu mwenyewe anangoja tangu juzi." Na kweli, langoni alikuwa amesimama mwanamke mmoja mnene mwenye mkoba mpya, anatazama kiti cha Redio kama mtu anayetazama godoro dukani.

Kimya aliinuka. Hakukusudia kuinuka, miguu ilifanya yenyewe.

"Nitajaza yote mawili."

"Nini?"

"Langu na la mama. Kila siku. Kiti kisiguswe."

Msimamizi alimkodolea macho. "Kumbe una ulimi! Miaka yote hii nilidhani umeajiriwa na debe." Akafikiri kidogo, kwa sababu hakuwa na la kupoteza. "Haya. Siku debe moja lisipojaa, kesho yake shemeji anakaa. Nisisikie kilio."

Alipoondoka, Mama Pacha alipiga mluzi mdogo. "Binti, hayo madebe hata mashine haijazi."

Kimya alikuwa tayari ameinama. Siku hiyo hakula mchana. Maganda yalimchana ncha za vidole mpaka punje zikaanza kutoka na alama nyekundu, akawa anazifuta kwenye gauni. Jua lilipoanza kulegea, debe la mama yake lilikuwa nusu, na lake halijafika shingoni.

Ndipo Shangazi akainuka, akachota konzi, akaitupa. Akafuata Mama Pacha, kisha wote mmoja mmoja, na karanga zikalia kwenye debe kama mvua kwenye bati. Kimya alifungua kinywa kusema asante.

"Usishukuru," alisema Shangazi. "Leo tumetoa kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa anatolewa mara moja. Mimi namjua mama yako. Sadaka haipokei. Konzi ni za hadithi." Akajikalisha polepole, mkono kiunoni. "Kwa hiyo kesho, mwanangu, utatueleza nani anashona mle chumbani."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine anayelala nyumba moja na Redio?"

*

Jumanne alijaribu.

Alisimulia akitazama sakafu, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wa mstari wa nyuma walipiga kelele, "Ongeza, redio ya betri!" Akaongeza. Alifika kwenye komeo, na kwa hofu ya kunyamaza akafungua mlango hapohapo. Mle ndani, alisema, alikuwepo binti, lakini si binti. Alikuwa na macho mekundu. Funza wanatoka puani. Kucha ndefu kama visu. Meno...

"Mangapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Mengi."

"Marefu?"

"Marefu sana."

"Na cherehani anaikanyaga na kucha hizo hizo? Hazimchani soksi?"

Banda likaangua kicheko. Mmoja akasema amemwona mtu wa hivyo sokoni, anauza nyanya. Kimya alijaribu kuendelea, akaongeza damu, akaongeza moshi, akaongeza pembe, na kadiri alivyoongeza ndivyo walivyozidi kucheka, na baadaye, jambo baya zaidi, wakaacha kucheka na kuanza kuzungumza mambo yao. Hakuna konzi iliyodondoka. Hata moja.

Jioni, kabla ya kipenga, alimimina karanga zake zote kwenye debe la mama yake. La mama likajaa mpaka mdomoni. Lake likabaki chini ya nusu. Akalibeba hivyo hivyo mpaka kwenye mizani mbele ya watu wote.

"La mama limejaa," alisema msimamizi. "Na hili? Umekula?"

Mtu wa mizani alicheka. Kimya alisimama wima.

"Ulisema kiti cha mama kisiguswe. Debe lake limejaa. Ukitaka kutoa mtu, nitoe mimi."

Msimamizi alizungusha kipenga kwenye kidole. Lile jambo halikuwa kwenye mahesabu yake. "Nakupa kesho tu," alisema. "Kesho yakipungua, hata moja, mnatoka wote wawili. Mama na mwana. Umesikia?"

"Nimesikia."

*

Nyumbani baba yake alikuwa mlangoni ameshika gurudumu la baiskeli ya mteja, analizungusha na kulisikiliza. Yeye ndiye aliyelalamika miaka yote kwamba mkewe hamwachi mtu asikie hata mawazo yake. Sasa siku ya tatu ya ukimya alikuwa amefanya kazi ya wiki nzima na uso umemshuka.

"Nyumba imekuwa kama chumba cha mtihani," alimwambia Kimya. "Mpaka sufuria zinaogopa kugongana."

Mama alikuwa ndani, anapepeta mchele. Alimtazama binti yake usoni, kisha vidole, akaweka ungo chini. Akamvuta akae. Kisha akafanya kwa mkono ile ishara ya kuzungusha hewani ambayo bandani ilikuwa na maana moja tu: haya, simulia.

Kimya alimweleza yote. Kiti, shemeji, debe. Mama alitaka hadithi. Aliposimulia mlango ulivyofunguliwa, na kucha, na funza, mama yake alipiga mwayo mkubwa, akajilaza ubavu na kujifanya anakoroma. Kifaranga, mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, alicheka mpaka akaanguka.

"Sasa ningefanyaje?" Kimya alisema, machozi yakimlenga. "Walitaka kuona!"

Mama aliinuka. Jikoni kulikuwa na sufuria imefunikwa. Akaileta, akaiweka katikati ya chumba, akachutama mbele yake. Akainusa. Akakunja uso. Akaweka sikio kwenye kifuniko, macho yakamtoka. Akanyoosha mkono polepole kuelekea kifuniko, akaurudisha.

"Kuna nini humo?" aliuliza Kifaranga.

Mama aliweka kidole mdomoni. Akanyoosha mkono tena.

"Baba, kuna nini humo?"

"Anasema kuna kitu kinaungua," alisema baba kutoka mlangoni, ameacha gurudumu linazunguka lenyewe. Naye alikuwa amesogea.

"Mama, usifungue!" Kifaranga alilia, amejificha nyuma ya Kimya. "Usifungue!"

Mama akafunua. Yalikuwa maharage ya jana. Kifaranga alichungulia, na hofu yote ikamtoka usoni, akasema kwa dharau, "Aa, maharage," akaenda zake kucheza.

Mama alimtazama Kimya. Hakuongeza kitu. Kimya naye alitazama maharage kwa muda mrefu.

"Usifungue," alisema mwishoni.

Mama akapiga kofi moja la furaha. Kisha akashika pindo la gauni lake, akalivuta, akalivuta tena, akainua vidole vitatu.

"Pindo. La mke wa fundi?" Kimya alijaribu kukumbuka. Ijumaa mama yake alikuwa amesema, katikati ya jambo jingine kabisa, kwamba pindo la gauni la mke wa fundi lilikuwa limefumuka kidogo. Jumamosi akasema limefumuka zaidi. Baadaye tena. Mara tatu, na kila mara bila kusimama, kama mtu anayedondosha kitu njiani makusudi. "Lakini hukulifanyia kazi. Nilidhani unajaza maneno."

Mama akatikisa kichwa kwa nguvu. Akashusha bega moja, akatembea chumbani kama mtu aliyeinamia cherehani maisha yake yote, na baba akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Na bega," alisema Kimya. "Uliviweka mapema. Vinangoja. Vinangoja nini, mama? Mwisho ni upi?"

Mama akafungua mikono yote miwili, mitupu. Hakujua. Alikuwa amepanda tu, kama kawaida yake, ili Jumatatu aone kitakachoota.

Kimya alitaka kucheka, lakini lile kaa la moto likamuunguza, na likatoka kinywani bila ruhusa. "Mama, ni mimi niliyekunyamazisha. Nilisema mwezi mmoja, na daktari naye akasema mwezi mmoja. Niliomba na nikapewa."

Mama alifungua kinywa. Pumzi ilishakuwa njiani, na Kimya akaruka akaliziba lile neno kwa kiganja.

"Usiseme! Usiseme, nakuomba!"

Wakakaa hivyo. Kisha mama akaondoa kile kiganja taratibu, akakigeuza, akatazama vile vidole vilivyochanika. Akapangusa vumbi la maganda lililobaki kwenye mikunjo ya mkono, akamwonyesha. Akaonyesha koo lake. Akajifanya anapaza sauti kupita kelele za banda, mishipa imesimama shingoni, siku baada ya siku. Akalionyesha tena lile vumbi. Halafu akakionyesha kifua cha Kimya na kutikisa kichwa: hapana, si wewe. Mwisho akamgonga kichwani kidogo, kama mtu anayegonga nazi kusikia kama ina maji.

"Anasema wewe ni mjinga," alitafsiri baba.

"Hapo nimeelewa bila mkalimani, baba."

*

Jumatano Kimya hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye kiti cha mama yake. Shemeji wa msimamizi alikuwa langoni na mkoba wake, na safari hii alikuja na mto wa kukalia.

"Jana niliwadanganya," alisema Kimya.

Hawakumsikia vizuri. Alingoja. Alikuwa ameona mama yake akingoja mara nyingi, ila hakuwahi kujua kwamba kungoja ni kazi. Mikono michache ikapunguza mwendo.

"Jana niliwaambia mlango ulifunguka. Haukufunguka. Zile kucha na wale funza yule mama aliviona kichwani mwake, mkono ukiwa bado kwenye komeo. Nyinyi mngeona nini, mwana mliyemzika anashona upande wa pili wa ubao?"

Mama Pacha, ambaye alikuwa na utani mdomoni, aliumeza.

"Cherehani ikawa inalia. Mumewe akaamka, akaja na taa. Akamwambia, mke wangu, usifungue. Mke akasema, lakini ni yeye, sikiliza, anavyopiga pedali mara mbili halafu anapumzika, nani mwingine anapumzika hivyo? Na kweli, ilikuwa mara mbili, halafu kimya." Akagonga debe kwa kifundo cha kidole. Mbili. Akaacha. Mbili. Akaacha. Nyuma mtu alisema, "Ee Mungu," na konzi ya kwanza ikadondoka.

Alikuwa na hofu. Lakini hofu yake, badala ya kumfunga mdomo, iliingia kwenye sauti ya yule mke, na yule mke akaogopa vizuri sana.

"Mume akashusha taa ili aiweke chini. Ndipo akaona uzi. Uzi mmoja, umekaza, unapita sakafuni na kuingia chini ya mlango. Unavutwa. Akaufuata kwa macho kurudi nyuma unakotoka."

"Pindo!" alipiga kelele Mama Pacha, amesimama. "Pindo la gauni lake! Si Redio alisema? Si alisema limefumuka?"

"Kaa chini wewe," alisema Shangazi, lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa ukichota, na karanga zikamwagika kutoka pande zote.

"Gauni lilikuwa limekwisha mpaka magotini," aliendelea Kimya, polepole zaidi. "Mume hakuwa na mkasi. Akafanya kama mafundi wote wanavyofanya. Akainama, akaukata kwa meno."

Akanyamaza. Banda zima lilinyamaza naye. Mlangoni alikuwa amesimama msimamizi na kipenga mdomoni, amekuja kupiga cha mapumziko, na hakupiga.

"Cherehani ikasimama. Mke akamgeukia mumewe, akamtazama kama mtu anayetazama mwizi. Akasema, kwa nini umekata? Alikuwa amebakiza kidogo. Mume akasema, amebakiza kidogo kufanya nini? Chini ya mlango ncha ya kitambaa cheupe ilikuwa imetokeza. Mume akaivuta. Ikaja yote, laini, imeshonwa vizuri kuliko anavyoshona yeye. Akaitandaza sakafuni. Akaipima kwa mkono, shubiri kwa shubiri, kwa mazoea tu, kama fundi. Urefu akaupata. Upana akaupata. Akafika mabegani."

Alitazama karanga iliyokuwa mkononi mwake. Alitaka sana kusema. Maneno yalikuwa pale pale, mafupi na rahisi, na yangemalizia kila kitu. Akaibangua ile karanga, akaitupa punje kwenye debe.

"Akapima bega la kulia. Akapima la kushoto. Akapima tena."

Akainama, akaendelea na kazi.

Kwa muda hakuna aliyeelewa kwamba hadithi imekwisha. Kisha mstari wa nyuma mwanamke mmoja akapiga yowe dogo, akamshika jirani yake, "Bega! Bega lilikuwa limeshuka! Ni ya kwake! Ilikuwa ni ya kwake yeye!" na kelele zikapanda mpaka kwenye bati. Mama Pacha alimtukana Kimya kwa mapenzi yote. Konzi zilikuja kwa mikono miwili, debe likajaa, likafurika, zikaanza kuangukia lile la pili.

Msimamizi alitoa kipenga mdomoni. "Lakini," alisema, na sauti yake haikuwa ya kusimamia watu, "aliyeomba hiyo sanda ni nani? Mke aliomba kusikia cherehani tu."

"Rudi mezani kwako, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Na mwambie shemeji yako aende nyumbani na mto wake."

*

Mwezi uliendelea. Kimya alisimulia kila siku, nyingine nzuri, nyingine mbovu. Siku mbovu alibangua mpaka vidole vikafa ganzi, lakini hakuna debe lililofika kwenye mizani likiwa pungufu. Jioni alimsimulia mama yake alichosimulia mchana, na mama akapiga mwayo mahali pa mwayo.

Siku mwezi ulipotimia daktari alichungulia tena na kusema vinundu vimenywea, anaweza kuanza, kidogokidogo. Mama aliitikia kwa kichwa. Akarudi nyumbani, hakusema. Siku ya pili hakusema. Baba alizunguka naye chumbani kama anayengoja basi. Kimya alielewa. Mama yake alikuwa mbele ya mlango, mkono kwenye komeo, na upande wa pili kulikuwa na sauti au hakukuwa na sauti.

Jumatatu wakaenda bandani wote wawili. Wanawake walimshangilia Redio, wakamkumbatia, wakamuuliza kwa zamu, naye akatabasamu na kuonyesha koo. Akaenda kwenye kiti chake, lakini hakukaa. Alimkalisha Kimya pale, kwa kumshika mabega, na yeye akakaa kushoto. Akavuta debe, akaanza kubangua.

"Haya basi, Kimya," alisema Shangazi. "Leo unatupeleka wapi?"

Kimya alianza. Ilikuwa hadithi mpya, ya mzee wa kituo cha mizigo anayepokea kila siku sanduku lenye jina lake. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito kwa sababu ya aliyekaa pembeni. Hakumtazama. Alifika mahali ambapo mzee anaweka sanduku mezani, anachukua bisibisi, na sanduku, kabla hajaligusa, linapiga chafya.

Akanyamaza, kama alivyojifunza.

Banda lote lilikuwa kimya, na katika kimya kile ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeitambua. Ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, kama bawaba ya mlango uliokaa siku nyingi bila mafuta. Haikufanana hata kidogo na ile iliyokuwa ikipita juu ya kelele zote. Ilitoka kushoto kwa Kimya, ikasema neno moja tu.

"Halafu?"

Na konzi ya karanga ikadondoka kwenye debe.